Kuishi Tetebatu, Lombok: mwongozo kamili wa safari, makazi na ardhi kijijini

Tetebatu ni kijiji cha wakulima kwenye mteremko wa kusini wa mlima Rinjani, kisiwani Lombok, Indonesia. Kwetu ukitaja Indonesia, mtu anakumbuka Bali au Jakarta basi. Lombok ni jirani wa Bali upande wa mashariki, mlangobahari tu ndio unaovitenga visiwa hivyo viwili. Ukubwa wake unakaribia mara 3 ya Unguja. Wenyeji wake wengi ni Wasasak, nao ni Waislamu, hata Waindonesia wenyewe wanakiita kisiwa cha misikiti elfu.

Nimekaa Tetebatu mara 2. Mara ya kwanza wiki 2 za Agosti, kiangazi, majani ya tumbaku yakikaushwa kwenye matanuri ya matofali. Mara ya pili siku 58 za Januari na Februari, mvua inapiga karibu kila alasiri na njia za majaruba zinateleza kama sabuni. Naandika kwa ajili ya Mswahili anayetaka zaidi ya kupiga picha na kuondoka: anayetaka kukaa mwezi au zaidi, pengine kupanga nyumba, pengine hata anawaza kiwanja. Makosa niliyoyaona kwa wageni, pamoja na lile lililonikaribia mimi mwenyewe, yalikuwa na mzizi mmoja: mtu alishughulikia karatasi kabla ya kuwajua watu, na akaitazama ardhi kabla ya kuuliza maji yake yanatoka wapi. Ndiyo maana hatua za mwongozo huu zimepangwa hivi zilivyopangwa. Usiziruke.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwanza, tarehe baadaye

Mvua huanza Novemba hivi na kuisha Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Ukitaka kupanda Rinjani, mlima wa mita 3,726 na volkano ya pili kwa urefu Indonesia, nenda kiangazi, kwa sababu njia zake kwa kawaida hufungwa kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Machi. Njia moja inaanzia Tetebatu yenyewe kupitia msituni, lakini wapandaji wengi hutumia Sembalun au Senaru.

Ukitaka kujua kama unaweza kuishi pale, nenda masika yao, yaani miezi ile ya mvua. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Mvua ndiyo itakayokuonyesha paa linalovuja, barabara inayokatika na mfereji unaofurika hadi mlangoni. Kijiji kipo zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na usiku ni wa kujifunika blanketi. Mtu aliyezoea Lushoto atajisikia nyumbani; wa Mombasa au Tanga mjini abebe sweta.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani kijiji hulala mchana na kuamka usiku. Mwezi wa Maulidi, nyumba hadi nyumba kuna sherehe, na watoto wachanga hunyolewa nywele zao za kwanza. Chakula huletwa kwenye sinia wanaloliita dulang, limefunikwa kwa kawa jekundu. Nilipoona lile kawa nilisimama kimya kidogo. Bibi yangu alikuwa nalo la ukindu, la umbo lile lile.

Hatua ya 2: Viza, chanjo na tiketi

Watu wa mataifa mengi hupata viza ya kuwasili kwa rupia 500,000. Ni ya siku 30, na huongezwa mara 1 tu kwa siku 30 nyingine. Kabla ya kununua tiketi, ingia tovuti rasmi ya uhamiaji wa Indonesia uone kama pasipoti ya nchi yako imo kwenye orodha, kwa maana orodha hiyo hubadilika. Kama haimo, omba viza ya matembezi mtandaoni mapema. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele, na uwe na tiketi ya kurudi. Kuna pia fomu ya kuwasili inayojazwa mtandaoni siku chache kabla. Ijaze ukiwa nyumbani, usisubiri hadi uwe kwenye foleni.

Cheti cha njano usikiache. Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano hudaiwa cheti cha chanjo, na Kenya na Uganda zimo. Hata kama wewe ni wa kwingine, pengine umeunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa. Kibebe.

Ukizidisha siku za viza, faini ni rupia 1,000,000 kwa kila siku. Ukipitisha siku 60 za ziada, unafukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi. Na viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi ya malipo, hata ya kumsaidia rafiki kwenye nyumba yake ya wageni.

Kutoka Dar, Nairobi au Zanzibar, njia iliyozoeleka ni kupitia Ghuba hadi Jakarta au Bali, kisha ndege ndogo hadi Lombok. Wengine hupitia Kuala Lumpur au Singapore, ambako kuna ndege za moja kwa moja hadi Lombok. Uwanja wa Lombok uko Praya na umepewa jina la Zainuddin Abdul Madjid, mwanachuoni wa Lombok Mashariki, wilaya kilipo kijiji hiki, aliyeanzisha jumuiya ya Nahdlatul Wathan mwaka 1953. Jina hilo likariri. Kulitaja kwa heshima kijijini kunafungua milango, kwa kuwa nyumba nyingi zina mtu aliyesoma katika shule za jumuiya hiyo. Ukiwa Bali tayari na una muda, kuna feri ya Padang Bai hadi Lembar, saa 4 au 5 baharini.

Saa za kule ziko mbele yetu kwa saa 5. Ikiwa saa 2 asubuhi Dar, Tetebatu ni saa 7 mchana na watu wameshatoka kuswali adhuhuri.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege hadi kijijini

Mgeni wa mara ya kwanza aagize gari kupitia nyumba atakayofikia. Ni mwendo wa saa 1 hadi saa 1 na nusu. Anayetaka njia ya wenyeji aende kituo cha mabasi cha Mandalika, mjini Mataram, apande daladala zao, bemo, hadi njia panda ya Pomotong, kisha Kotaraja, halafu bodaboda, ojek, imalizie kilima. Pale Kotaraja bado utaona magari ya farasi, cidomo, yamebeba magunia na akina mama watokao sokoni.

Toa pesa kabla hujapanda kilimani. Mashine nyingi za benki kule hutoa pesa kwanza, kadi ndiyo inafuata. Mgeni hushika noti, akageuka, akaiacha kadi mdomoni mwa mashine. Noti kubwa kuliko zote ni ya rupia 100,000, kwa hiyo usishtuke ukiwa na bunda. Kijijini malipo ni taslimu, na muuza duka hana chenji ya noti kubwa asubuhi. Soketi ni za pini 2 za mviringo, kwa hiyo nunua adapta huku huku kwetu.

Hatua ya 4: Lugha, ambayo nusu yake unayo tayari

Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Waindonesia wanakuuliza "Apa kabar?", nawe unasikia habari. Wakati ni waktu, sababu ni sebab, maskini ni miskin, akili ni akal, dunia ni dunia, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, hakimu ni hakim. Zote hizo zilitoka Uarabuni zikaenda pande 2 za bahari moja. Meza ni meja na bendera ni bendera, hizo tulichukua sote kwa Wareno. Siku ya kwanza nilikaa na mtoto wa darasa la 4 tukitaja vitu vya chumbani, na kila tulipopatana alikuwa anapiga kofi.

Lakini jihadhari na maneno yanayofanana sura tu. Dua kwao ni namba mbili. Dua yetu wao wanaiita doa. Dada ni kifua, usimwite mtu hivyo. Kuku ni kucha. Kakak ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, na ndilo neno la kumwita kijana anayekuzidi umri kidogo. Mtu mzima wa kiume mwite Bapak, wa kike Ibu.

Wasasak wana lugha yao pia, na maneno 3 au 4 yake yatakupeleka mbali. "Silaq" ni karibu: karibu ukae, karibu ule, karibu upite. "Tampiasih" ni ahsante. Baba ni amaq, mama ni inaq, na ile q ya mwisho ni sauti inayokatwa kooni. Mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Amaq Fulani na Inaq Fulani, sawasawa na Baba Fulani na Mama Fulani wetu. Mwenye nyumba wangu aliponiuliza mtoto wangu wa kwanza anaitwaje, nikamtajia, kuanzia jioni ile kijiji kizima kiliniita kwa jina la mwanangu. Jina langu la pasipoti lilibaki kwenye pasipoti.

Hatua ya 5: Kuingia kijijini kwa adabu

Mbele ya kila nyumba utaona banda la miti lisilo na kuta, limenyanyuliwa usawa wa paja, lina nguzo 4 au 6 na paa la nyasi au bati. Hilo ni berugak. Ni baraza yao. Mgeni hapokelewi ndani, hupokelewa pale. Unavua viatu chini, unapanda, unakunja miguu, unapewa kahawa nyeusi iliyokorogwa na unga wake ndani ya glasi. Usiinywe mara moja, subiri mashapo yatue. Maneno ya maana hayaanzi kabla mashapo hayajatua, na huo ni ushauri wa adabu na wa kinywa pia.

Siku ya 1 au ya 2, muombe mwenyeji wako akupeleke kwa mkuu wa kitongoji, kadus, na kama unakaa zaidi ya wiki, ofisini kwa mkuu wa kijiji, kepala desa, ambaye huchaguliwa kwa kura. Peleka nakala ya pasipoti. Sheria inamtaka mwenye nyumba ya wageni atoe taarifa za mgeni wa kigeni kwa uhamiaji akiombwa, kwa hiyo nakala hiyo itahitajika tu. Lakini kwenda mwenyewe na kusalimia ni jambo jingine kabisa. Siku pikipiki yangu ilipozimika njiani usiku kwenye mvua, aliyekuja na tochi alikuwa mpwa wa yule kadus. Alinijua kwa sababu nilishakunywa kahawa kwao.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe ukitoka kwenye ua wa nyumba. Kanga na kikoi vinapokelewa vizuri mno, maana wao huvaa saruni. Ya kwao hufumwa kwa mkono vijiji vya jirani, hasa Pringgasela. Pombe usiitafute kijijini. Ukialikwa kwenye begawe, yaani shughuli ya harusi, tohara au hitima, nenda, na upeleke mchele au sukari. Wanaume utawakuta nyuma ya nyumba kwenye masufuria makubwa wakipika ares, mchuzi wa nazi wa shina changa la mgomba. Mimi nilidhani naijua migomba yote. Sikuwahi kula shina.

Na ukisikia msichana "ameibiwa", usikimbilie polisi. Merariq ni desturi yao ya ndoa: kijana humtorosha mchumba wake, kisha familia hukaa kupatana. Baadaye mtaona nyongkolan, msafara wa maharusi barabarani na ngoma kubwa, gendang beleq. Simamisha pikipiki, zima, waache wapite.

Hatua ya 6: Kupanga nyumba

Anza na nyumba ya wageni kwa wiki 1 au 2. Vyumba vya familia vyenye kifungua kinywa mara nyingi huwa kati ya rupia 150,000 na 350,000 kwa usiku. Utalii si mgeni hapa: tangu enzi za utawala wa Waholanzi palikuwa na nyumba ya mapumziko ya daktari Mjava, Soedjono, ambaye hospitali ya wilaya iliyoko Selong, makao makuu ya wilaya, imepewa jina lake. Mwaka 2021 Indonesia ilikipendekeza kijiji hiki kwenye shindano la vijiji bora vya utalii la Umoja wa Mataifa. Pamoja na hayo, asubuhi bado unaamshwa na majogoo na adhana, na mtu wa kwanza unayemwona amebeba jembe.

Ukishajulikana, nyumba ya kupanga itakutafuta yenyewe. Kodi hulipwa kwa mwaka, yote mbele, kama mwenye nyumba wa Dar anavyopenda. Kabla hujatoa hata senti, kagua haya.

Kwanza matetemeko. Julai na Agosti 2018 Lombok ilitikiswa mfululizo, na tetemeko kubwa la tarehe 5 Agosti lilikuwa na ukubwa wa karibu 7. Watu zaidi ya 500 walikufa, wengi wao kaskazini mwa kisiwa. Uliza nyumba ilijengwa kabla au baada ya mwaka huo. Tazama kama ina nguzo za zege zenye nondo kwenye kona na linta iliyozunguka kuta zote. Ufa unaokatiza ukuta kimshazari kutoka kona ya dirisha ni wa kuogopa. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno. Nyumba ya mbao au mianzi ni salama zaidi ukiwa umelala. Serikali ilijenga nyumba nyingi za vipande vya zege vinavyofungwa kwa bolti, zinaitwa RISHA. Hazina uzuri wa macho lakini ziliundwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Kitanda usikiweke chini ya kabati refu.

Kisha choo na bafu. Kwa kawaida ni choo cha kuchuchumaa, birika la saruji lililojaa maji na kata ya plastiki. Kwetu si kigeni. Usiingie ndani ya birika, maji yale ni ya nyumba nzima.

Mkataba uandikwe Kiindonesia, usainiwe na mume na mke wote wawili, mbele ya kadus kama shahidi, na uwe na stempu ya serikali, meterai. Andikeni waziwazi nani atalipa kodi ya mapato ya pango, ambayo ni asilimia 10 ya kodi ya nyumba. Wengi huisahau, halafu wakagombana mwaka wa 2.

Hatua ya 7: Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Mteremko wa Rinjani umejaa chemchemi. Maji hushuka kwa mifereji kutoka jaruba hadi jaruba, na anayeyagawa ni mtu anayeitwa pekasih, aliyeteuliwa na wakulima wenyewe na kulipwa kwa mavuno. Nilimfuata mmoja alfajiri ya Januari. Alikuwa na jembe na tochi ya kichwani, hana kingine. Kwenye banio dogo aliinua kipande cha ubao, akakishusha upana wa vidole 2, akasimama akisikiliza. Akanieleza kwamba akikishusha zaidi, jaruba la chini la mjane litakauka kabla ya adhuhuri. Vidole viwili.

Kwa hiyo kabla ya kupanga shamba, au kujenga chochote, tafuta pekasih wa eneo lile umuulize mambo 3: mfereji huu unapita kwa nani kabla yangu, unakwenda kwa nani baada yangu, na mwezi wa Septemba una maji kiasi gani. Mgeni anayeziba mfereji ili apate uwanja wa kuegesha gari amewaharibia kaya nyingi za chini yake. Hilo halitatatuliwa na mwanasheria. Kila kijiji kina sheria zake za kimila, awik-awik, na kugusa maji ni njia ya haraka ya kukutana nazo.

Majaruba yenyewe hutoa mpunga mara 1 au 2 kwa mwaka, kisha tumbaku au mboga. Kandokando kuna kahawa, kakao, vanila na mikarafuu. Mkarafuu ule ni ndugu wa damu wa ule wa Pemba: asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki zaidi ya Lombok, na ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Nilipomweleza hayo mzee mmoja juu ya berugak, alinyamaza, akaichomoa sigara mdomoni akaitazama.

Hatua ya 8: Ardhi

Sasa tuzungumze kiwanja. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960. Umiliki kamili, Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia pekee. Mtanzania atalielewa hili haraka, kwa kuwa hata kwetu mgeni hapewi ardhi hivi hivi, na Kenya humwishia kwenye upangaji wa miaka 99.

Dalali atakuja. Kwangu alikuja wiki ya 3, kijana mchangamfu, akanionyesha are 4 ukingoni mwa mto, mlima mbele, minazi nyuma. Are 1 ni mita za mraba 100, na ndiyo kipimo cha Lombok. Akasema tuandike hati kwa jina la binamu yake, mimi nibaki na mkataba wa siri kwamba pesa ni zangu. Kwa siku 3 nililala nikiiota ile minazi. Kilichoniokoa ni kukaa na mtu anayeijua sheria akanisomea kifungu cha 26 neno kwa neno: uuzaji wa kumpitishia mgeni umiliki, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ni batili; ardhi inakuwa ya serikali; na pesa iliyolipwa haiwezi kudaiwa kurudishwa. Sheria haisemi pengine. Nakusihi, usitumie jina la mtu. Hata awe mwema kiasi gani, siku akifa unabaki na warithi wake.

Njia za halali ni hizi. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza, ni upangaji wa muda mrefu mbele ya mthibitishaji, notaris, mara nyingi miaka 20 au 25. Masharti ya kuongeza muda yaandikwe pamoja na bei au namna ya kuipata, na kifungu kinachosema warithi na mnunuzi yeyote watafungwa na mkataba. Ya pili ni Hak Pakai, haki ya matumizi, kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi Indonesia. Kwa kanuni za mwaka 2021 ni miaka 30, huongezwa 20, kisha huhuishwa 30. Nyumba ni 1 kwa familia, eneo kwa kawaida lisizidi mita za mraba 2,000, na kuna bei ya chini iliyowekwa kwa kila mkoa. Ya tatu ni kampuni ya kigeni, ambayo inadai mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10. Kwa mtu anayetaka vyumba 3 na bustani, hiyo ya tatu aiache.

Aliyeoa au kuolewa na Mwindonesia ana mtego wake. Bila mkataba wa kutenganisha mali, ardhi anayonunua mwenzi huhesabika ni ya wote wawili, na hapo ugeni wako unaiharibu haki yake yeye. Mkataba huo zamani ulitakiwa kabla ya nikaha. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016 unaweza kufanywa hata ndani ya ndoa. Fanyeni kabla ya kununua.

Iwe unapanga au unachukua Hak Pakai, uchunguzi ni ule ule. Omba kuona hati yenyewe, sertifikat. Mimi nilionyeshwa karatasi yenye mihuri, jina la mwenyewe na eneo, nikafurahi. Ilikuwa ni taarifa ya kodi ya ardhi, SPPT, na hiyo haithibitishi umiliki hata kidogo. Ukishaiona hati, ipeleke ikaguliwe ofisi ya ardhi ya wilaya, BPN, Selong, kupitia afisa wa hati za ardhi, PPAT. Ada yake kisheria haizidi asilimia 1 ya thamani.

Halafu uliza mambo 2 ambayo hayamo kwenye hati. Je, eneo limewekwa rehani? Lombok watu huweka jaruba rehani kwa jirani, wanaita sanda, na jirani hulima hadi alipwe. Anayekuonyesha shamba anaweza kuwa mwenye rehani tu. Na je, warithi wote wamekubali? Lombok Mashariki hupeleka wafanyakazi wengi sana Malaysia na Saudi Arabia. Unakuta ndugu 5, wanne wako mbele yako wanatabasamu, wa 5 yuko kwenye mashamba ya michikichi Malaysia na hajaambiwa lolote. Msubiri. Apigiwe simu ya video mbele ya kadus, saini yake ipatikane kwa utaratibu, ndipo utoe pesa. Kishika uchumba usikitoe kabla ya hapo, hata kidogo.

Mwisho, jaruba la mpunga haligeuzwi kiwanja kwa kupenda kwako. Sheria ya mwaka 2009 inalinda mashamba ya chakula. Angalia ramani ya matumizi ya ardhi ya wilaya kabla ya kuchora nyumba.

Hatua ya 9: Afya, mwendo na chakula, kwa kifupi

Zahanati ya serikali inaitwa puskesmas, na ni ya kuaminika kwa homa na vidonda. Jambo zito litakupeleka Selong au Mataram, kwa hiyo bima ya safari yenye usafirishaji wa mgonjwa ni lazima. Mbu wa dengi huuma mchana. Dawa ya mbu pakaa asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe.

Pikipiki unakodi kijijini. Uwe na leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, vinginevyo bima haitakulipa ukianguka, na masika utaanguka. Kwenda kwenye maporomoko ya Jeruk Manis, ndani ya hifadhi ya taifa ya Rinjani, chukua kijana wa kijiji akuongoze. Atakuonyesha kima weusi, lutung, juu ya miti, ambao peke yako ungewapita.

Chakula kitakufurahisha kama unapenda pilipili na uduvi. Plecing ni majani ya kangkung, mboga inayoota majini, kwa pilipili ya kutwanga iliyotiwa terasi, yaani uduvi uliochachushwa. Nyama yote ni halali. Mwambie Inaq akupunguzie pilipili siku 3 za kwanza tu. Ya 4 utaiomba mwenyewe.

Siku ya kuondoka

Aga siku 1 kabla, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa kadus. Acha zawadi ya kwenu: kahawa ya Kagera au ya Kilimanjaro inapendeza, kwa sababu wataikaanga tena wenyewe, wataisaga, na watakuambia kwa uwazi kama inaifikia ya Tetebatu. Lipa deni la duka. Kama umelima hata bustani ya mboga, mpitie pekasih umwambie siku ambayo hutahitaji maji tena, ili ule ubao aurudishe mahali pake.